Kaskazi ya Bustani, Masomo na Ujauzito wa Nne

Mwaka 2024 ulitukuta na mambo matatu ambayo lolote kati yake lingetosha kuijaza nyumba. Tulikuwa tumetoka Majengo, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa ghorofani, tukahamia Bamburi, ambako kwa mara ya kwanza tulipata kiwanja nyuma ya nyumba. Watoto wetu watatu, ambao shule yao ilibaki kule kisiwani, tulikubaliana wasome nyumbani hadi mambo yatulie, kwa kuwa kuwavusha daraja la Nyali kila alfajiri katika msongamano wa magari kungewachosha hata kabla hawajafungua daftari. Nami nilikuwa na ujauzito wa mtoto wa nne, aliyetarajiwa kuzaliwa mwishoni mwa Mei. Mume wangu hufanya kazi bandarini kwa zamu, wiki hii mchana na wiki ijayo usiku, na mimi hushona madira na mabuibui kwa oda, kazi ambayo humiminika Ramadhani inapokaribia. Mwaka huo Ramadhani iliingia katika wiki ya pili ya Machi, ndani kabisa ya joto la kaskazi, yale majira ya jua kali yanayotangulia masika.

Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka kumi, mdogo wake wa kiume saba, na wa tatu, ambaye hadi hapo alikuwa kitinda mimba na aliyepokea habari za kuvuliwa cheo hicho kwa manung'uniko ya siku nyingi, alikuwa na miaka minne. Nimeulizwa mara nyingi na jamaa na wateja jinsi nilivyoweza kuyashika yote hayo kwa pamoja. Jibu langu ni kwamba mpangilio wa siku zetu haukutoka kichwani mwangu. Maji na jua vilikuwa vimekwisha kuupanga, na sisi tulijifunza kuufuata.

Nianze na maji, kwa sababu Mombasa kila jambo huanzia hapo. Mji huu hauna mto wake wa maji baridi. Maji ya mfereji hutoka mbali: katika chemchemi za Mzima zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, katika visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, katika chemchemi za Marere na visima vya Tiwi huko Kwale. Mfereji wetu hutoa maji kwa zamu, na mara nyingi zamu hiyo huangukia usiku wa manane, kwa hiyo aliyesikia mlio wa hewa katika bomba alikuwa na wajibu wa kuwaamsha wengine. Siku ambazo mfereji ulikauka tulinunua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni. Kisima cha uani kipo, lakini maji yake yana chumvi, na huwezi kuyapikia chai.

Ilitupasa kujua mimea ipi huyavumilia maji hayo. Spinachi iliyavumilia vizuri, mchicha nao haukulalamika sana, ila maharagwe yalinyauka ncha za majani yakiwa bado machanga, jambo ambalo wakulima wanalijua, kwani maharagwe ni miongoni mwa mimea inayochukizwa na chumvi kuliko mingine. Tukayaacha. Mabenda, nyanya na mapilipili hoho tulivihifadhia maji matamu, na maji matamu ya ziada tuliyapata mahali ambapo sikutarajia, yaani katika udhu. Watu wazima wawili na watoto wawili wanaotawadha kwa ajili ya swala tano hutoa maji mengi kwa siku, nayo yalikuwa yakipotelea katika mtaro. Mume wangu aliweka karai pana chini ya mfereji wa uani, na kuanzia hapo maji ya udhu yakawa ya bustani, pamoja na maji ya kuoshea mchele.

Karai hilo lilinipa somo la hisabati ambalo sikuwa nimeliandaa. Maalim wa madrasa alikuwa amewasimulia watoto kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja ya maji, na binti yangu akataka kujua mudi ni lita ngapi. Ni pungufu ya lita moja, kadiri ya robo tatu hivi. Basi wakapima udhu wao kwa jagi lenye alama, wakajumlisha, wakatoa, wakatafuta wastani, na kaka mtu akagundua kwa aibu kwamba yeye peke yake alitumia maji kuliko babake. Desimali, ambazo katika kitabu cha Gredi ya 4 zilikuwa zimemtoa binti yangu machozi, ziliingia kichwani kupitia mlango huo.

Udongo wetu ulikuwa tatizo la pili. Chini ya mchanga wa Bamburi pana mwamba wa matumbawe, na mara nyingi jembe hulikuta jiwe kabla halijazama. Jirani yetu, mama wa Kigiriama ambaye amelima maisha yake yote, alisimama penye ukuta akanitazama nikihangaika, kisha akaniambia, “Mwanangu, hapo chini hapana kitu. Lete udongo juu, uzungushie mawe.” Tulifanya hivyo. Samadi iliyokwisha kuoza tuliinunua kwa mfugaji wa Utange, tukaichanganya na mchanga na majani, tukatengeneza vitanda vyenye kingo za kuzuia maji yasitoroke. Mahali ambapo hata hilo halikuwezekana tulisimamisha magunia, kila gunia likiwa na nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini badala ya kuishia juu.

Ni kwa sababu ya mwamba huo ndipo tulipowapeleka watoto kwenye bustani ya Haller, ambayo haiko mbali nasi. Wengi huenda pale kuwatazama viboko na twiga, na kwa kweli mtoto wa minne hakutaka kusikia habari nyingine isipokuwa ya Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baharini huko Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo akamng'ang'ania kobe mzee. Mimi nilitaka wakubwa wauone udongo. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, uwanja mweupe wa matumbawe usio na jani. Mwaka 1971 Mswisi aitwaye René Haller alianza kujaribu kupanda miti humo, na katika aina alizozijaribu ulioshika vizuri ni mvinje, ambao una vijidudu katika mizizi yake vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake membamba yaliyoanguka yalikaa chini bila kuoza. Waliotatua jambo hilo ni majongoo, wale wakubwa wenye miguu mekundu ambao kila mtoto wa Pwani amewahi kuwachokoza kwa kijiti hadi wakajikunja. Waliletwa kwa wingi, wakala majani makavu, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ambao sasa umebeba msitu mzima.

Watoto walirudi nyumbani wakimwona jongoo kwa macho mengine. Kijana wangu alinipigia hesabu ya muda ambao majongoo yangehitaji kutengeneza udongo wa kiwanja chetu, na akasikitika kwamba wakati wa kaskazi hujificha, hawatoki mpaka mvua. Nilimwandikisha insha juu yao kwa Kiswahili na nyingine fupi kwa Kiingereza, na zilikuwa insha bora zaidi kati ya alizoandika mwaka ule, kwa sababu alikuwa na jambo la kusema.

Hata hivyo nina neno kwa wale wanaodai kwamba bustani pekee inatosha kuwa shule. Haitoshi. Majedwali ya kuzidisha hayaoti. Mtoto wa miaka saba hatasoma kwa ufasaha kwa sababu amemwagilia mchicha. Atasoma kwa kukaa chini, kila siku, na kitabu mkononi na mtu mzima mwenye subira pembeni. Mtaala wa umilisi unampima mtoto kwa mtihani wa KPSEA akifika Gredi ya 6, na sikutaka binti yangu afike hapo na mapengo ambayo ningeulizwa mimi. Kwa hiyo masomo ya vitabu tuliyaweka saa za ubaridi, baada ya chai ya asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne: hisabati kwanza, kisha Kiingereza, kisha Kiswahili, na sayansi siku zilizobakia. Saa nne chumba kilikuwa kimeshaanza kuchemka. Adhuhuri kila mtu alilala isipokuwa cherehani yangu. Alasiri walikwenda madrasa, na huko ndiko walikokutana na wenzao, hivyo sikuwahi kupata hofu ya upweke ambayo jamaa zangu waliitaja kila walipokuja. Bustani ilipewa alfajiri na jioni, wakati jua haliunguzi majani wala mgongo wa mama mjamzito.

Somo ambalo ningependa kila mzazi wa Mombasa alijaribu halihitaji kitabu wala pesa. Mji wetu uko takriban nyuzi nne kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi: yapata tarehe 10 Machi, na tena siku za mwanzo za Oktoba. Tangu Oktoba hadi Machi jua hilo hukaa upande wetu wa kusini, na kivuli cha ukuta huangukia kaskazini; baada ya hapo mambo hugeuka. Januari tulikuwa tumeweka miche ya nyanya na hoho upande wa kaskazini wa ukuta, ambako kivuli cha mchana kiliifunika vizuri. Mwishoni mwa Februari watoto walisimika kijiti kilichonyooka katikati ya uwanja, wakawa wanapiga alama mahali ncha ya kivuli ilipofika wakati kilipokuwa kifupi kuliko vyote. Alama zilizidi kukisogelea kijiti siku hata siku. Binti yangu alishangaa kwamba wakati huo wa kivuli kifupi haukuwa saa sita kamili bali karibu saa sita na nusu, muda mfupi kabla ya adhana ya adhuhuri. Tukakaa na ramani. Saa za Kenya zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mombasa iko karibu nyuzi 40, kwa hiyo jua hutufikia kama dakika 20 baadaye. Mwezi wa Machi huongezeka dakika kumi nyingine kutokana na mwendo wa dunia katika njia yake ya kulizunguka jua. Alipoelewa hilo alielewa pia kwa nini wakati wa swala katika kalenda ya msikitini hubadilika mwaka mzima ilhali kengele ya shule haibadiliki.

Kisha ikafika siku ambayo kijiti hakikuwa na kivuli cha kuonekana. Mdogo wao alikizunguka akikitafuta, akaniuliza nani amekichukua. Siku chache baadaye kivuli kilizaliwa upya upande wa pili, upande wa kusini, na ukuta wetu ukafanya vivyo hivyo: miche ya kaskazini ikaanza kupigwa na jua la mchana. Tuliihamisha vitandani haraka na kuifunika makuti, na kitalu kipya tukakitengeneza kusini mwa ukuta. Sikuhitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, ambaye hukaa Likoni na huvuka kwa feri kuja kutushika mkono, aliliangalia somo hilo kwa tabasamu. Marehemu babake alikuwa mkulima aliyehesabu siku kwa miongo. Mwaka wa jua wa Waswahili huanza Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi kule Unguja huisherehekea kila Julai, na kuanzia siku hiyo wazee walihesabu kumi kumi. Kila kumi ni mwongo mmoja, miongo 36 inakamilisha siku 360, na tano husalia. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kufyeka, wa kuchoma na wa kutia mbegu ardhini kungojea mvua ya masika, jambo ambalo kalenda ya Kiislamu haiwezi kulifanya kwa kuwa miezi yake huzunguka majira yote. Mama alikumbuka vipande tu, lakini vilitosha. “Msingoje mpaka mlowe,” alituambia. “Mbegu iwe chini, mvua iikute.” Kunde na mahindi machache tulivipanda katika udongo mkavu mwishoni mwa Machi.

Kuhusu ujauzito wenyewe, kliniki ilikuwa mwalimu wangu, na nilijifunza kutouficha kwa watoto. Mwezi wa Februari muuguzi alinipima damu akaniambia kiwango cha hemoglobini kiko chini kidogo ya gramu 11 kwa desilita, ambacho ndicho kikomo cha upungufu wa damu kwa mjamzito. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki nilikuwa navyo, lakini nilikuwa nikivimeza pamoja na chai ya mkandaa baada ya chajio. Alinieleza kwamba chai huzuia mwili usiyapokee madini hayo, na kwamba ndimu au tunda chachu huyasaidia yaingie. Tangu hapo chai ilisogezwa mbali na vidonge, na majani ya kunde na mchicha, yaliyopikwa kwa tui, yalikamuliwa ndimu mezani. Binti yangu ndiye aliyepewa kazi ya kukisoma kitabu changu cha kliniki na kunikumbusha tarehe. Alijifunza humo mambo ya mwili wa binadamu kuliko alivyojifunza katika kitabu chake cha sayansi, na maswali yake nilijitahidi kuyajibu kwa adabu bila kumdanganya.

Mombasa ni mji wa paka, na paka hupenda udongo laini. Kinyesi chao kinaweza kuwa na kimelea kiitwacho toksoplazma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni iwapo mama ataambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Kwa hiyo nilivaa glavu kila nilipogusa udongo, na vitanda vilivyo wazi vilifunikwa matawi ya miiba. Paka wa jirani walihamia kwenye mchanga wa fundi wa nyumba ya tatu, na hilo si jambo langu.

Jambo jingine ambalo mkulima wa mjini hana budi kuliangalia ni mapipa. Tulikuwa tukihifadhi maji kila mahali, na mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo imelipuka Mombasa zaidi ya mara moja, huzaa katika maji safi yaliyotulia na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Pwani pia ni eneo la malaria, ndiyo maana kliniki ilinipa dawa ya kinga na chandarua. Yai la mbu huhitaji kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu kamili katika joto letu, hivyo kila Jumamosi kijana wangu alimwaga maji ya visahani, akayasugua mapipa ndani, na kuyafunga kwa kitambaa. Viluwiluwi alivyovikamata siku ya kwanza aliviweka katika chupa iliyofunikwa barabara, akachora hatua zao zote. Alivichora vizuri mno, na sijui kama nilipaswa kufurahi.

Ramadhani ilipoingia, nyumba iligeuza usiku kuwa mchana. Mimi sikufunga, sheria yetu imempa mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na muuguzi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba joto lile na kiwango changu cha damu havikuruhusu. Binti yangu alifunga kwa mara ya kwanza siku nyingi kuliko alizokula. Masomo tuliyapunguza yakawa ya kusoma na hisabati tu, na sikuona haya kwa hilo, maana wakati mtu ana madira ya Idi yamejaa kapu na tumbo linalogusa meza ya cherehani, kuchagua ndio kazi yenyewe. Watoto walikata nyuzi, wakahesabu vifungo, wakaandika majina ya wateja katika daftari la madeni na kulijumlisha. Bustani ilitulipa wakati huo: hatukununua mboga ya futari isipokuwa viazi vikuu na mihogo.

Katikati ya Machi madaktari wa hospitali za umma nchini waligoma, na mgomo haukuisha hadi tarehe 8 Mei. Kliniki yetu iliendelea kwa kuwa wauguzi walikuwepo, lakini swali la nani atakuwepo iwapo uzazi utahitaji upasuaji lilikaa nasi kila jioni. Mpango wa Linda Mama ungenilipia katika hospitali ya serikali, ila mpango haumshiki mtu mkono akiwa na uchungu. Mimi na mume wangu tuliandika karatasi moja tukaibandika mlangoni: hospitali ya kwanza na ya pili, dereva wa tuktuk anayekaa mtaani kwetu na anayepokea simu usiku, ndugu wawili walio tayari kutoa damu, mahali fedha za oda za Idi zilipowekwa, na nani atalala na watoto kama baba yuko zamu. Ningemshauri kila mama afanye hivyo hata pasipo mgomo, tena mapema, wakati bado unaweza kuinama kuokota kalamu.

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu. Bara mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba, na serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule, ambazo zilikuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili, hadi tarehe 13 Mei. Wakati huo kila nyumba ya mtaa wetu ikawa na watoto wa kusomeshwa, na ukumbi wangu ulipokea wageni wenye madaftari. Kwetu mvua ilimaliza nyanya zote kwa ukungu, lakini kunde zilizopandwa katika kavu zilikuwa zimeshika na zikafunika ardhi. Majongoo yalitoka. Kingo tulizojenga kuyazuia maji wakati wa kaskazi ilibidi tuzitoboe ili yatoke, na kazi hiyo ilifanywa na watoto na baba yao, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafika hatua ya kutoa amri kutoka kitini.

Mtoto alizaliwa katika siku za mwisho za Mei, usiku, salama, baba yake akiwa zamu kama tulivyokwisha kutabiri. Ni msichana. Siku ya saba tulimfanyia akika, na arubaini yangu ikaanza chini ya mamlaka ya mavyaa wangu: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kukandwa maji ya moto asubuhi na jioni, na marufuku ya kukanyaga uani. Nilidhani masomo yangesimama. Mama hasomi herufi za Kizungu, lakini amesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu utotoni, na katika mkoba wake alikuwa na barua za marehemu mumewe alizoandikiwa kwa maandishi hayo. Watoto, ambao madrasa ilikuwa imewafundisha herufi zile kwa ajili ya Kurani, waligundua kwamba wanaweza kuzisoma barua za babu yao wenyewe, wakikwama penye herufi ambazo Kiarabu hakina, na bibi akiwasaidia. Wiki zile walisoma Kiswahili kuliko mwezi wowote niliowafundisha mimi.

Bustani nayo ilijichuja yenyewe. Kwa siku arubaini hakuna aliyeitunza kwa bidii, na vilivyobaki vilikuwa mchicha uliojimwaga mbegu, kunde, mbaazi na mipapai miwili, mmoja dume. Hivyo ndivyo tutakavyopanda zaidi mvua za vuli zikija, na nyanya tutanunua sokoni Kongowea pamoja na watu wengine. Binti yangu mkubwa aliingia shule ya karibu muhula wa tatu ulipofunguliwa mwishoni mwa Agosti, baada ya kupimwa na kuonekana yuko sawa na darasa lake, isipokuwa mwandiko. Wadogo tumekubaliana wakae nyumbani hadi Januari. Mwenye miaka saba anadai kwamba hatakwenda kokote kabla ya kuvuna mabenda yake ya vuli. Baba yake amemwambia kuwa mabenda huchukua siku 50 hadi 60 tangu kupandwa, akampa kalenda, na kumwachia hesabu aifanye mwenyewe.